Jumatatu: Malaika Hakumkemea

Soma 1 Wafalme 19:1-8. Eliya alipewa nini kwanza, na kwa nini?

Abiria anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anazijua kona za barabara ile. Basi linapopishana na lori ukingoni mwa bonde, moyo humwenda mbio, pumzi hufupika, viganja hutoa jasho. Tezi zilizo juu ya figo zimemwaga adrenalini, ili mwili uwe tayari kukimbia au kupambana. Muumba aliuumba hivyo ili kuulinda. Abiria akishuka stendi, mwili hutulia.

Lakini mkulima anayewaza deni la mbolea baada ya bei ya kabichi kuanguka hashuki garini. Yuko kitandani, mwili wake ungali konani. Akiambiwa kanisani kwamba hana imani, anaongezewa mzigo wa pili.

Eliya alikuwa ameona moto ukishuka Karmeli, lakini alimkimbia Yezebeli na kuomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Mazungumzo ya Horebu yalikuja baadaye.

Mwenye fadhaa naye aanzie hapo: aketi, avute pumzi polepole, aitoe polepole zaidi, maana hivyo mapigo ya moyo hupungua. Ale, anywe maji, alale mapema. Amtwike Bwana fadhaa zake (1 Petro 5:7). Hofu isipoondoka kwa majuma, kwenda hospitali si kukosa imani.

Ni nani karibu nawe anayehitaji mkate na usingizi kabla ya mawaidha? Utamtendea nini juma hili?