Pua Isiyovuta Hewa

Somo: 2 Timotheo 3:1-5



Mtume Paulo anamwonya Timotheo juu ya watu ambao kwa nje ni wacha Mungu, lakini nguvu ya uchaji huo hawaitaki iwaguse. Tungependa kulieleza onyo hili kwa mfano wa motokaa.

Huko Marekani, mwaka 1965, kampuni ya Pontiac iliuza motokaa yake ya GTO ikiwa na pua moja kubwa katikati ya boneti. Aliyeiona alidhani kwamba pua ile inavuta hewa na kuipeleka kwenye injini. Sivyo. Matundu yake yalikuwa yamezibwa; ilikuwa pambo tu. Injini chini yake ilivuta hewa ya moto iliyozunguka mle ndani. Nao mafundi wanajua kwamba hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni kidogo kuliko hewa baridi, na hivyo nguvu ya injini hupungua.

Mwaka ule ule kampuni ikatoa vifaa vya kuifanya pua ile ifanye kazi, kwa magari yenye kabureta tatu. Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, pua ilikatwa penye vizibo ili hewa ipite. Pili, sinia ya bati ilifungwa kuzunguka kabureta, na juu ya ukingo wake sponji nene. Boneti ikifungwa, sponji hubanwa, na hewa ya nje huingia kwenye kabureta bila kuchanganyika na ile ya moto. Hata leo wanaotunza magari hayo ya zamani hufanya vivyo hivyo.

Tujifunze nini hapa?

Fundi hakuing'oa pua, aliifungua. Wako wasemao kwamba kanzu za kwaya, msalaba wa maandamano na beji za umoja wa kina mama ni mapambo matupu, afadhali yaondolewe. Sisi hatusemi hivyo. Vitu hivi viliwekwa viwe njia ya neema, na ubaya uko kwenye kizibo. Tukipiga magoti kanisani, na huku hatusalimiani na ndugu yetu tangu ile kesi ya mpaka wa shamba, hicho ndicho kizibo. Msumeno wake ni toba: kumwendea nyumbani kwake na kupatana naye, ndipo tuje mezani pa Bwana.

Lakini kufungua peke yake hakutoshi. Pasipo sinia na sponji, hewa safi huingia na kutawanyika katika joto. Ndivyo linavyotupata Neno la Jumapili. Tumelisikia vema, lakini kabla hatujafika nyumbani limekwisha kuchanganyika na masengenyo ya njiani. Sinia yetu ni sala ya jamaa jioni, na kazi ya mikono: kumpelekea mjane kuni, kumtazama mgonjwa, kumlipa kibarua ujira wake kwa wakati.

Tena tukumbuke jambo hili. Pua iliyozibwa haiingizi mvua; iliyofunguliwa huingiza, na mwenye gari hana budi kuwa macho. Vivyo hivyo moyo uliofungwa hausumbuliwi na shida ya jirani. Tukiufungua, njaa yake itatuingia, na machozi yake pia. Hiyo ndiyo gharama, na Bwana wetu aliilipa kwanza.

Basi, ndugu, kabla ya Komunio Takatifu ijayo kila mmoja wetu amtaje mbele za Mungu mtu yule ambaye hajapatana naye, kisha aondoke aende kwake.

Ee Roho Mtakatifu, pumzi ya Mungu, fungua kilichozibwa ndani yetu, ukatie nguvu ibada yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.