Kuridhika na Kutosheka

Mwezi Aprili 2022 mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal na kuharibu barabara nyingi za Durban. Masomo yangu yalirudi mtandaoni, tulikokuwa tumekimbilia wakati wa korona mwaka 2020. Programu tuliyoitumia ilisifiwa kwa njia zake nyingi: sauti ya mhadhiri, video, michoro ya kugusa kwa kidole, na maandishi yaliyopita chini ya picha. Mwisho wa muhula wanafunzi walijaza hojaji. Mmoja wao aliniambia kwamba ametoa alama za juu katika kila swali. Katika mazungumzo hayo hayo nikagundua kwamba hakuwahi kufungua video hata moja, kwani ingemmalizia bando. Alisikiliza sauti tu. Michoro niliyoijengea hoja yangu nzima hakuiona. Hata hivyo alisisitiza kwamba ameridhika, na sikuona sababu ya kumshuku.

Tangu hapo najiuliza: kuridhika kwa mtumiaji ni ushahidi wa nini?

Wabunifu wa violesura wana vipimo vyao. Kimoja mashuhuri kilibuniwa na John Brooke mwaka 1986: kauli 10, mtu akubali au akatae kwa ngazi 5, kisha majibu yageuzwe kuwa alama kati ya 0 na 100. Ni chombo chepesi chenye manufaa. Hueleza iwapo mtu ametatizika katika kuutumia mtambo. Kosa huanza pale alama za namna hiyo zinapofikishwa kikaoni na kusomwa kana kwamba zinapima elimu au, baya zaidi, haki.

Kuhusu elimu, ushahidi upo. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya jaribio katika madarasa ya fizikia: wanafunzi waliotakiwa kushughulika na maswali wenyewe walijifunza zaidi kuliko waliosikiliza mhadhara uliopangika vizuri, ilhali wao wenyewe waliona wamejifunza kidogo. Richard Mayer naye ameonyesha kwamba kurundika maandishi juu ya sauti na picha kwa pamoja kwaweza kumzidishia mwanafunzi mzigo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Lakini mwanafunzi wangu hakulevywa na upya. Hali yake inaelezwa vyema zaidi na hoja ya Amartya Sen: aliyezoea upungufu hujifunza kupunguza matamanio yake, hata akaridhika na kile ambacho mwingine angekikataa. Alama zake zilipima matarajio yake kuliko zilivyoipima programu.

Kiswahili chatusaidia hapa. Kuridhika na ridhaa ni shina moja: ndani yake mna kukubali. Kutosheka ni kupata kinachotosha. Mtu aweza kuridhika bila kutosheka, kama mgeni asemaye ameshiba kwa kuwa ameona sufuria ni ndogo.

Atatokea wa kuniuliza: wewe ni nani hata umsahihishe mtu kuhusu moyo wake mwenyewe? Swali ni zito, nami sidai kwamba alikosea. Kuridhika kwake ni kwake, na kunastahili heshima. Ninachokana ni kwamba kulinifutia deni. Mwenyeji hawezi kutumia adabu ya mgeni kuwa stakabadhi ya chakula ambacho hakukipika.

Wala sizikatai njia nyingi zenyewe. Julai 2023 Lugha ya Ishara ya Afrika Kusini ilifanywa lugha rasmi ya 12 ya nchi hii. Kwa mwanafunzi kiziwi, video ya mkalimani ndiyo mlango wenyewe wa somo. Wingi wa njia una thamani ya kimaadili pale anayepitia njia moja anapofikia somo lile lile alilolifikia mwenzake kwa njia nyingine.

Muhula uliofuata nilianza kuieleza kila michoro kwa maneno katika rekodi za sauti, na katika hojaji nikaongeza swali moja: ni kipi hukuweza kukifungua? Alama za kuridhika hazikubadilika sana. Majibu ya swali lile yalijaza kurasa.