Kofia, Soksi, na Siku za Mtu



Katika mikutano ya akina mama huzuka swali moja ambalo kwa kulisikia laonekana dogo, nalo si dogo. Swali ni hili: Je, yampasa Mkristo kutumia mwezi mzima, au miwili, kushona kofia moja kwa mkono, au kufuma jozi ya soksi za sufu, na hali madukani zimo tele kwa fedha kidogo? Wengine husema ya kuwa kazi hiyo ni kupoteza wakati tuliopewa na Mungu. Wengine hujibu ya kuwa ni kazi ya upendo, na kitu cha upendo hakina bei. Mimi naona hao wa kwanza wamekosa, na hao wa pili wamesema nusu ya kweli. Na ile nusu waliyoiacha ndiyo iwadhuruyo watu. Basi na tulitazame jambo lenyewe polepole, tukianzia Unguja, maana huko laonekana wazi.

Unguja hakuna baridi ya kumlazimu mtu kuvaa sufu. Miezi ya kipupwe, tangu Juni hata Agosti, upepo wa kusi huvuma, na wazee hujifunika shuka alfajiri. Baridi yao ndiyo hiyo. Ndugu zetu wa Machame, wa Lushoto na wa Makete watacheka wakisikia. Hata hivyo, Unguja nako mtoto mchanga huvikwa kofia ya sufu na visoksi, wala mama zetu si wajinga katika hili, kwa sababu waganga wafundisha ya kuwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi hupotewa na joto upesi, hasa kichwani, maana kichwa chake ni kikubwa kuliko kadiri ya mwili wake. Lakini kofia ya mtu mzima huko Unguja haivaliwi kwa ajili ya baridi. Huvaliwa kwa heshima.

Ziko kofia za namna nyingi, lakini iliyo bora ni ile nyeupe ya kudariziwa kwa mkono, kofia ya viua, au bulibuli kama waiitavyo wengine. Watu wa Omani nao wanayo ya namna hiyo, waiita kumma. Hufanywa kwa sehemu mbili, duara ya juu, na ukanda uzungukao kichwa. Kwanza maua na nyota huchorwa juu ya kitambaa cha pamba. Kisha vitundu vidogo sana hutobolewa, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, hata kitambaa chote kimejaa. Na vitundu hivyo vyapitisha hewa kichwani, jambo lenye faida katika nchi ya joto. Hapo haraka haifai. Uzi ukikazwa mno kitambaa hukunjamana, ukilegea kitundu huziba. Kazi ikiisha ndipo sehemu mbili huunganishwa. Na kofia ikichafuka hufuliwa, hutiwa dondo, huvikwa juu ya faroma ikauke bila kunywea. Kofia iliyo nzuri huchukua majuma mengi, na nyingine miezi. Wako wanaume waishonao, lakini kwa desturi ya pwani mwanamke humshonea mumewe, au mchumba wake, na mwanamume akipita njiani Mji Mkongwe watu hutazama kichwani pake wakajua anapendwaje nyumbani. (Sisi huvua kofia tuingiapo kanisani, na wenzetu Waislamu huivaa waingiapo msikitini, hilo si neno la leo.)

Sasa huko Ulaya, katika nchi zile zilizotuletea Injili, mambo yalikuwa hivi: baridi yenyewe ilimwamuru mama. Soksi za sufu, kofia, na ile mifuko ya mikono yenye nafasi ya gumba peke yake, zote zilifumwa nyumbani, nazo zikitoboka zilitengenezwa tena. Soksi hufumwa kwa sindano nne au tano kwa mzunguko, na mahali pagumu ni kisigino, ambapo mfumaji hana budi kugeuza njia asije akafanya mfuko mnyofu usioufaa mguu wa mtu.

Yuko mwanamke mmoja aliyezijua nchi zote mbili, naye alizaliwa Unguja, katika jumba la Mtoni, mwaka 1844. Ni Bibi Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa huko Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily, akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyi biashara wa Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870, akaachwa ugenini na watoto watatu, kwenye baridi ile. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake. Humo asema ya kuwa Wajerumani walikuwa wakimwuliza mara nyingi jinsi watu wa kwao wawezavyo kuishi bila kufanya kazi. Alikasirika, na kwa haki. Aliwajibu ya kuwa nchi ya baridi humtaka mtu vitu vingi, na nchi ya joto vichache. Mama wa kaskazini hutumika siku zote kwa mavazi ya watoto wake kwa sababu hali ya nchi imemlazimisha, wala si kwa kuwa yeye ni mwema kuliko mwanamke wa Unguja. Tena aeleza ya kuwa wanawake wa jumba lile hawakuketi mikono mitupu: walidarizi kwa nyuzi za dhahabu, na nguo za waume na wana wao walizitia kazi ya hariri nyekundu na nyeupe.

Jibu hilo ni jema, nasi tulishike. Mwanamke wa Unguja ashonaye kofia isiyo na haja ya baridi, na mwanamke wa Ulaya afumaye soksi leo, ingawa viwanda vya kwao vimejaa soksi, wamekuwa sawa. Wote wawili hawalazimishwi. Kwa nini basi wafanye?

Someni habari za Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 2. Alikuwa amemtoa mtoto wake akae hekaluni Shilo pamoja na Eli. Na kila mwaka alimfanyia vazi dogo, akamletea alipopanda kutoa dhabihu. Fikirini, ninyi mliowahi kushona. Mtoto hakuwa nyumbani. Hana hakuweza kumwita apimwe. Kila mwaka ilimpasa kuketi na kuwaza: Sasa amefika kimo gani? Mabega yake yamepanuka kadiri gani? Akikata kitambaa alikuwa akimkata mwanawe asiyemwona. Hiyo ndiyo kazi ya mikono kwa kweli. Vitundu vya kofia na macho ya soksi ni kumfikiri mtu mmoja kwa siku nyingi bila kuchoka. Mashine haiwezi kufanya hivyo. Yajua kipimo, haijui mguu wa nani. Kwa hiyo asemaye wakati huo umepotea, na atuambie ni wakati gani uliotumika vizuri kuliko ule ambao mtu aliutumia kumkumbuka mwenzake. Na Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, hakuona haya kutia humo mavazi na viatu.

Hata hapa waliosema ya upendo watafurahi. Lakini ngojeni kidogo.

Bibi wa jumba la Mtoni aliketi kudarizi tangu asubuhi. Nani aliteka maji? Nani alitwanga, nani alipika, nani alichuma karafuu mashambani zilizoinunua ile hariri? Watumwa. Siku za bibi zilikuwa huru kwa sababu siku za wengine zilikuwa zimechukuliwa. Na tena, zamani hizo mtumwa hakuwa na ruhusa ya kufunika kichwa wala kuvaa viatu kama mwungwana. Baada ya amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyoiondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba, wengi waliokuwa watumwa walivaa kanzu na kofia. Mtu asiyejua habari hizo ataona kofia tu. Ajuaye ataona ya kuwa mtu yule ameweka juu ya kichwa chake neno lisemalo, Siku zangu ni zangu.

Basi kazi ya mikono ina pande mbili. Mwenye chakula nyumbani, tena mwenye nafasi, afuma kwa kujifurahisha na kumpa amtakaye, na zawadi yake ni njema. Lakini katika mitaa ya Ng'ambo na vijijini Unguja wako wanawake washonao kofia ili wauze, wapate ada ya shule na unga. Mikono ni ile ile, sindano ni ile ile, uzuri ni ule ule. Mnunuzi afikapo Darajani husema, "Punguza, mama, mbona ziko za mashine kwa nusu ya bei?" Naye mwanamke hupunguza, kwa sababu jioni inakaribia. Asichokijua mnunuzi, au asichotaka kukijua, ni kwamba uzi na kitambaa hawezi kuvipunguza, maana naye alivinunua. Kitu pekee awezacho kupunguza ni siku zake.

Sisemi mashine ni ya shetani. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee, wa kijiji cha Calverton, ambaye husimuliwa kuwa alikuwa mhudumu wa kanisa, alibuni mashine ya kufuma soksi. Na husimuliwa tena ya kuwa Malkia Elizabeth alikataa kumpa hati, kwa kuwahurumia maskini waliopata chakula kwa kufuma kwa mkono. Huruma ya malkia ilikuwa ya kweli, lakini mashine haikuzuilika, na kwa ajili yake watoto wengi wa maskini wamepata soksi ambao wasingezipata kamwe. Mtu asiye na fedha anunue kofia ya mashine, wala asione haya. Ninayemsema ni yule atakaye kazi ya mkono kwa bei ya mashine.

Na sasa niseme na sisi wenyewe, wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa. Huko Ujerumani na Sweden wanawake wa sharika walikutana katika vyama vya kushona, wakafuma soksi na mifuko ya mikono, wakaziuza kwa mnada, na fedha zikapelekwa misioni. Sehemu ya shule na makanisa yetu ilijengwa kwa sufu hiyo. Walitoa kwa hiari, na twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini hiari haiwezi kutolewa na mtu mwingine kwa niaba yako. Nasi tumezoea: kitambaa cha madhabahu kikichakaa, mama fulani atadarizi; mgeni akija, mama fulani atafuma; akina mama wa hospitali wakihitaji kofia za vichanga, mama fulani atafanya, "maana yuko nyumbani tu." Fundi seremala akitengeneza benchi la kanisa twamlipa, tena twampa chai. Mama twampa makofi. Tukiulizwa, twasema, Ni kazi ya upendo. Je, ni upendo wa nani? Ikiwa ni wake, ni yeye wa kuusema. Tukiusema sisi kabla yake, tumechukua siku za mtu mwingine, tukaziweka sadakani kana kwamba ni zetu.

Dorkasi wa Yafa alishona kanzu na mavazi kwa ajili ya wajane, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 9. Petro alipofika, wajane walimwonyesha mavazi yale huku wakilia. Angalieni: hatusomi ya kwamba wazee wa Yafa walimwagiza. Tena mavazi yalikuwa mikononi mwa wale wale waliofumiwa, nao walijua aliyeyashona, wakamtaja.

Mtu ataniuliza, Basi tufanyeje, na mfuko wa usharika ni mwembamba? Namjibu kwa mfano. Tuseme usharika wataka kofia ishonwe, iwe zawadi kwa mgeni. Mama aketi saa 3 kila jioni akiisha kazi za nyumbani, kwa siku 40. Hizo ni saa 120. Mzee mwenye kuagiza na aziandike saa hizo katika daftari, chini ya bei ya uzi na kitambaa, kisha aketi na mama huyo waafikiane malipo kabla sindano haijaingia. Na mama akisema kwa kinywa chake, "Hii naitoa bure," na iandikwe kwa jina lake, saa 120, katika ukurasa ule ule ambamo zimeandikwa sadaka za fedha za wanaume.