Mgeni Aliye Malangoni

Kutoka 20:10 inamtaja mgeni aliye malangoni miongoni mwa wanaopaswa kupumzika. Mimi ndiye huyo. Nafundisha hisabati kisiwani La Digue, Shelisheli, na Jumapili baada ya misa naegemeza baiskeli kwenye mti wa takamaka, navua viatu, naketi. Mama, kule Kakamega, alitulea tukiamini kwamba kukaa bure ni dhambi. Mimi sasa naamini kupumzika ni ibada. Lakini ng'ambo ya barabara kijana kutoka Bangladesh anachanganya saruji ya nyumba ya wageni, vidole vimepasuka kwa chokaa. Amri haikubagua wageni kwa mikataba yao. Najua ni Mwislamu, siku yake Ijumaa; na Ijumaa pia, saa ya swala, nilimkuta ameshika koleo.