Nuru Yetu na Haki ya Jirani

Katika darsa yetu ndugu mmoja alituuliza: "Umeme wa makaa ya mawe una moshi na majivu, na madhara yake yajulikana. Lakini umeme wa jua, upepo na maji hauna moshi wala hauishi. Je, katika huo pia tuna hesabu mbele ya Mola wetu?" Swali ni zuri, na jawabu lake latuhusu sote tukaao miji ya pwani.

Kwanza tukumbuke yaliyotupitia. Mwaka 2016 ilitolewa leseni ya kujenga Kwasasi, Lamu, mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wenyeji wakasimama: wavuvi wakahofia bahari yao, wazee wakahofia mji wao wa kale. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kuamua kesi za mazingira likaifuta leseni ile, na miongoni mwa sababu zake ni kuwa wenyeji hawakushauriwa ipasavyo. Tulishukuru. Na hoja yetu ilikuwa hii: asidhuriwe mtu ili mwengine apate nuru, wala asiamuliwe jambo la nchi yake pasi na kuulizwa.

Hoja ya haki haina kabila wala pwani. Ulipokuja mpango wa umeme wa nyuklia, ukatajwa Uyombo, Kilifi, na wenyeji wengi wakaukataa. Mwaka 2025 ikatajwa kaunti ya Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria, ambako ndiko iliko Asembo Bay. Wako kwetu waliosema, "Alhamdulillahi, limetuondokea." Ndugu zetu, shukrani hiyo ina kasoro. Hatusemi nyuklia ni nzuri au mbaya. Hilo lataka wajuzi wake. Twasema kuwa mvuvi wa Asembo Bay, atokaye usiku na taa yake kuwavuta omena, ana haki ya kuulizwa ile ile aliyonayo mvuvi wa Lamu. Wengi wao si Waislamu, lakini dini yetu haikuiwekea haki ya jirani sharti hilo.

Sasa turudi kwenye umeme usio na moshi. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, na maji, na upepo. Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, ukitazama kutoka Asembo Bay, maji ya mto Sondu yamepitishwa katika handaki yapate kuzungusha mitambo ya megawati 60. Hiyo ni kheri kubwa, nasi twaipendelea kuliko makaa. Lakini mto una watu waliokuwa wakiuteka kabla ya mtambo. Na upepo ni wa Mungu, ila ardhi zinaposimamishwa nguzo zake ina wachungaji wake.

Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimkanya Saad asifanye israfu ya maji katika udhu, hata lau yuko penye mto upitao. Mto upitao hauishi, na bado israfu ikakatazwa. Hili ndilo jawabu la ndugu yetu. Jua na upepo ni mito ipitayo. Kutokwisha kwake hakutuondolei hesabu, kwani hesabu haiko juu ya wingi wa kitu, iko juu ya mwenye kukitumia.

Basi tujitazame. Arusini twatundika taa za mapambo zikawaka mpaka alfajiri. Misikitini feni zazunguka na safu ni tupu. Kila tunachopoteza huongeza haja ya mtambo mwingine, na mtambo huo hauna budi kuwekwa karibu na nyumba ya mtu. Mwenye kuukataa mlangoni pake, na huku akizidisha haja yake, hakuukataa, amempelekea jirani.

Tuzime taa tusiyoihitaji. Na watu wa Asembo Bay wanapodai kuulizwa, sauti yetu iwe pamoja nao kama ilivyokuwa pamoja na Lamu. Wabillahi taufiq.