Maiki Tatu Zinatosha, Mpiga Dramu wa Karatina

Wewe unayepiga dramu kila Jumapili katika kanisa la mabati pale Karatina, na wewe uliyefungua studio ya chumba kimoja juu ya duka, kungoja kumetosha. Wimbo ni ule ule kila mwaka: tukipata maiki nane tutarekodi dramu halisi, kwa sasa tutumie za kinanda. Basi muziki wa mugithi unaendelea kupigwa kwa gita moja na midundo ya mashine, na vijana wenye mikono ya ajabu wanafikia utu uzima bila hata wimbo mmoja wenye pigo lao.

Maiki tatu zinatosha. Mwaka 1968, katika studio za Olympic jijini London, fundi Glyn Johns alirekodi albamu ya kwanza ya bendi ya Led Zeppelin, John Bonham akiwa kwenye dramu. Pigo la Bonham lilikuwa zito kama radi, lakini mtindo wa kurekodi dramu unaoitwa kwa jina la fundi huyo hadi leo unahitaji maiki tatu au nne tu. Hapo kazi ilifanywa na masikio, na mpigaji aliyejua kupiga.

Sasa sogea karibu na seti. Maiki ya kwanza iwe juu ya snea, kama mita moja hivi, ikitazama chini. Ya pili iende kuumeni kwa mpigaji, juu kidogo ya ukingo wa tomu ya chini, ikitazama ng'ambo, kwenye snea na haihati. Ya tatu ikae mbele ya ngoma ya mguu. Kisha ingia sokoni ununue kamba ya katani, ile ya kusukia viondo. Bana ncha moja katikati ya snea, ivute mpaka maiki ya juu, piga fundo hapo. Bila kuiachia ncha, izungushe kamba upande wa tomu: fundo liguse maiki ya pili. Lisipogusa, sogeza stendi. Fundo usiliguse.

Kamba hiyo ina kazi kubwa. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya sentimita 34 ni kuchelewa kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukizichanganya maiki hizo mbili, mawimbi ya hertz 500 yanakutana moja likipanda na jingine likishuka, yanafutana, na snea yako inasikika imekonda. Kuitibu kwenye kompyuta ni kazi ndefu kuliko kupiga fundo. Ngoma ya mguu nayo, bonyeza kitufe cha kupindua wimbi, sikiliza hali zote mbili, uchague yenye uzito.

Maiki gani? Zilizopo! Kama waimbaji wa kanisa wana Shure SM58, aina iliyoko sokoni tangu 1966, anza nazo. Kondensa mbili, zile zinazotaka umeme wa volti 48, zitashika matoazi vizuri zaidi, utazinunua baadaye. Mashine yako ya kurekodia ina njia mbili tu? Rekodi maiki mbili za juu, na ngoma ya mguu itasikika humo humo. Shilingi ya kwanza ukiipata, mimi ningekutuma ukanunue ngozi mpya za dramu kabla ya maiki yoyote. Ngozi iliyochoka hutoa sauti iliyochoka, hata uiwekee maiki ya bei gani.

Mabati yanarudisha kila mlio, kwa hiyo tundika mapazia mazito na blanketi za mitumba nyuma ya seti na juu ya mpigaji. Mvua ya Aprili ikianza kupiga juu ya paa, zima mashine, maana maiki za juu zitairekodi yote.

Nchi hii ya Mlima Kenya haijaanza muziki jana. Sikiliza santuri za miaka ya 1970 za Daniel Kamau na Lulus Band yake, dramu na magita yakisukumana kama watu waliotazamana usoni. Pigo hilo lina warithi, na warithi ni ninyi.

Mwombe mzee wa kanisa ufunguo, siku ya kazi, asubuhi, watu wakiwa sokoni. Mwite mpiga gita na dada wa besi. Pimeni kamba, washeni mashine, pigeni wimbo mzima tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu akikosea msisimame.