Mjane Anachekea Nini?

"Ni ya kidato cha ngapi?"

Hilo ndilo swali nililotupiwa katika duka moja la vitabu mjini Kitale nilipoomba kuonyeshwa riwaya za Kiswahili. Nikamwambia kijana wa kaunta kwamba si ya kidato chochote, ni ya senge wangu, dada ya babangu, na senge amepita miaka 60. Akanikazia macho kana kwamba nimeingia duka la viatu kuulizia mbolea. Kisha akanitolea alivyokuwa navyo: vitabu teule vya mtihani wa KCSE, kila kimoja na mwongozo wake, maswali na majibu.

Maagizo ya senge yalikuwa mafupi. Alitaka hadithi ya mwanamke wa rika lake, mambo yamwendee vizuri, "na asife." Alifundisha Kiswahili upande wa Kimilili hadi akastaafu, kwa hiyo alijua vyema anachokiogopa. Mwaka jana alimzika mumewe. Mzee alifanyiwa kumuse, hafla ya mawaidha baada ya maziko, kama anavyostahili mzee wa Kibukusu. Msemaji akazunguka uwanjani akitaja koo na kuwaasa walio hai, watu wakasikiliza, wakala, wakaenda zao. Senge akabaki na nyumba kubwa na redio.

Nikasimama pale dukani nikipekua. Nilianza na Siku Njema, kwa sababu Ken Walibora ni wetu: mzaliwa wa Bungoma, akalelewa Cherangany, na huko ndiko tulikomzika Aprili 2020, wakati wa corona, wengi wetu tukiomboleza kwa mbali. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1996, na waliosoma sekondari miaka ile bado wanamkumbuka Kongowea akiondoka Tanga kumtafuta babake hadi huku kwetu Kitale. Naipenda mno. Lakini hebu tuulizane, hizo siku njema ni za nani? Mamake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu aliyevuma, anakufa mapema ili safari ya mwana ipate kuanza. Nikashika Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Heri imo, sikatai, ila kuifikia lazima upite kwenye nyumba zilizochomwa na familia zilizotawanywa baada ya uchaguzi.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa fasihi, hunikatiza hapa kila tunapozungumza jambo hili. Fasihi ni kioo cha jamii, husema, na wanawake wetu wanateseka, sasa unataka waandishi waandike nini? Vicheko? Mfuko wa mbolea umefika bei gani?

Nami humjibu kwamba wanawake wa pande hizi hawahitaji riwaya kuwafunza mateso. Trans Nzoia ilipokea wakimbizi wa ghasia za uchaguzi za mwaka 2007 na 2008, nayo Mlima Elgon ilikuwa na vita vyake vya wapiganaji wa SLDF wakati uo huo. Waliofiwa na wana na waume kule wanakuja Chwele kuuza vitunguu, na ukikaa nao nusu saa watakuchekesha mpaka ushike mbavu. Kicheko hicho nacho ni jamii. Mbona kioo hakikioni? Nashuku tumezoea kudhani kwamba kitabu kizito ni kile kinachomliza mama, na kinachomfurahisha ni cha kupotezea wakati. Kumuua mhusika ni kazi rahisi. Jaribu kumwandika mwanamke aliyefiwa, kisha umrudishie hamu ya kula, ya kuvaa vizuri, ya kubishana kwenye chama, na msomaji akuamini. Wengi wanakwama hapo.

Mwishowe nilinunua The River and the Source ya Margaret Ogola, ya mwaka 1994. Ndiyo, ni ya Kiingereza, na ndiyo, ilitahiniwa pia. Ogola alikuwa daktari wa watoto, na kitabu chake hicho cha kwanza kilishinda tuzo ya Jumuiya ya Madola, kanda ya Afrika, mwaka 1995. Mhusika wake, Akoko, anafiwa na mume, anafiwa na wana, shemeji anajitwalia kiti na mali, naye anafunga safari hadi Kisumu kumshtaki kwa wazungu. Baadaye anaanza upya katika misheni ya Aluor. Hakuachwa ajikunyate pembeni.

Senge alikijalidi kwa karatasi ya kalenda ya zamani, mazoea ya ualimu hayo, akaketi chini ya mparachichi. Alipofika kwa ng'ombe 30 wa mahari ya Akoko na mama mkwe anayenung'unika kwamba mali yote hiyo haijaleta watoto wa kutosha, aliangua kicheko kilichosikika barabarani. Shemeji yake mmoja alikuwa akipita na baiskeli. Akasimama kwenye ua.

"Mama, hata mwaka haujaisha vizuri. Unachekea nini?"

Senge alifunga kitabu, kidole kikiwa katikati ya kurasa, akamkaribisha chai. Mimi ndiye niliyekasirika, na hasira hiyo imenishika wiki nzima. Mzee huyo si mtu mbaya. Alimchimbia kaka yake kaburi na huleta kuni bila kuombwa. Ila ana kipimo chake cha huzuni ya mjane, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kingine, si kanisani, si shuleni, si vitabuni.

Na vitabuni kwenyewe, mwanamke wa Kiafrika anayejulikana zaidi duniani kwa furaha yake riwayani, Mma Ramotswe wa Botswana, aliyeuza ng'ombe wa urithi wa babake akafungua ofisi ya upelelezi, aliandikwa na mwanamume Mskoti, Alexander McCall Smith, mwaka 1998. Simlaumu, aliona nafasi iko wazi akaketi. Nawalaumu wachapishaji wetu wanaosema hakuna soko la riwaya isiyotahiniwa, ilhali mteja mzima mwenye pesa mkononi anaulizwa kidato.

Soko lipo. Senge alipomaliza, wenzake wa chama walikigombania kile kitabu, na kila mmoja akapewa wiki moja. Mara ya mwisho kuulizia, kilikuwa kwa mama mmoja wa Kamukuywa, wiki yake imeisha zamani, na kila akipigiwa simu anasema bado kuna mahali anataka kurudia.